Ugonjwa na Umetaboli wa Mwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ambayo wagonjwa na ndugu zao huniuliza wodini ninapopita kuangalia nani amekula na nani hakula. Mengi huulizwa sahani ikiwa bado imejaa. Nimeyaanza na ya msingi, na yale yanayohusu hali za pekee yako mwishoni. Namba zipo ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Umetaboli ni nini hasa?

Ni jumla ya kazi zote za kikemia zinazoendelea mwilini ili uishi: kuvunja chakula kipatikane nguvu, kujenga misuli, damu na ngozi, kuweka akiba na kuitoa inapohitajika. Hata ukiwa umelala fofofo moyo unapiga, figo zinachuja na ubongo unakula. Ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku.

Akiba kubwa ni mafuta. Akiba ya haraka ni glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli. Ile ya ini, kama gramu 100, ndiyo inayoweza kumwagwa kwenye damu, na usipokula huisha kwa muda wa siku moja hivi. Protini ndiyo inayowapotosha wengi, kwa sababu mwili hauna ghala la protini. Protini yote uliyonayo iko kazini: ni msuli unaokusimamisha, ni moyo, ni kinga. Ukiichukua umebomoa kitu. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hili.

2. Nikiugua, ni nini kinachobadilika?

Kinga ikikutana na vijidudu au jeraha hutoa kemikali za kupashana habari ziitwazo saitokini. Ubongo ukizipokea hupandisha joto na kufunga hamu ya kula. Tezi zilizo juu ya figo hutoa kotisoli na adrenalini, na kongosho huongeza glukagoni. Homoni hizo zote zinaelekea upande mmoja: akiba zitoke. Ini linamwaga sukari, mafuta yanayeyushwa, misuli inavunjwa ili ini na chembe za kinga zipate malighafi.

Aliyetufungua macho ni mtafiti David Cuthbertson, aliyekuwa akifanya kazi Glasgow, Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Alipima mkojo wa watu waliovunjika mifupa na kukuta wanapoteza nitrojeni, ambayo ni alama ya protini iliyovunjwa, kwa kiasi kisichoweza kuelezwa na mguu uliojeruhiwa peke yake. Misuli ya mwili mzima ilikuwa ikichangia. Mwaka 1942 alieleza awamu mbili kwa mfano wa bahari. Kwanza ni maji kupwa: saa za mwanzo baada ya pigo kubwa, mwili unapoa na matumizi yanashuka. Kisha maji kujaa: kwa siku au wiki kadhaa joto na matumizi vinapanda, na misuli inaliwa.

3. Kwa nini ninakonda haraka nikiumwa kuliko nikikaa tu bila kula?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila anayeuguza alielewe, kwa sababu njaa na ugonjwa hufanana kwa nje na hutofautiana sana kwa ndani.

Mtu mzima wa afya akikosa chakula, mwili wake hubana matumizi. Baada ya siku chache ini hutengeneza ketoni kutokana na mafuta, ubongo huanza kuzitumia, na hitaji la sukari hupungua. Misuli hupata nafuu. Nitrojeni inayotoka kwenye mkojo hushuka wiki hadi wiki.

Mgonjwa mahututi hapati nafuu hiyo. Kotisoli na saitokini zinaendelea kudai sukari na amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini, hata kama mafuta bado yamejaa tumboni. Mtu mwenye maambukizi makali anaweza kupoteza gramu 15 za nitrojeni kwa siku au zaidi. Kila gramu 1 ya nitrojeni ni gramu 6.25 za protini, na protini hiyo ilikuwa ndani ya kama gramu 30 za nyama ya mwili. Piga hesabu: karibu nusu kilo ya mwili wenyewe kwa siku moja. Ndiyo maana kabla mizani haijasema lolote unaona pete inazunguka kidoleni, paja limelegea na mashavu yameingia ndani.

Kwa hiyo usimlaumu mgonjwa kwamba amekonda kwa sababu ya ubishi wa kutokula. Kutokula kunaongeza hasara, lakini hata angekula vizuri, ugonjwa ukiwa umepamba moto misuli ingeendelea kupungua kwa kiasi fulani.

## Homa na hamu ya kula

4. Homa inatumia nguvu kiasi gani?

Kila nyuzi 1 ya joto juu ya kawaida huongeza matumizi ya nguvu kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Mtu anayetumia kilokalori 1,500 akiwa amepumzika, joto likipanda kwa nyuzi 2, atahitaji 300 hadi 390 za ziada. Kutetemeka kwa baridi kunagharimu zaidi, maana hapo misuli inafanya kazi kwa nguvu ili tu izalishe joto. Maji nayo hupotea kwa jasho na kwa kupumua haraka, na mara nyingi upungufu wa maji humdhuru mgonjwa mapema kuliko upungufu wa chakula.

5. Mgonjwa hataki kula. Tumlazimishe?

Kwa siku mbili tatu za homa ya kawaida, kwa mtu mzima aliyekuwa na afya, hapana. Kukosa hamu ni kazi ya saitokini kwenye ubongo, ni sehemu ya mwili kujihami. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha jambo la kushangaza kwa panya: wale wenye maambukizi ya bakteria waliolishwa kwa lazima walikufa zaidi, na wale wenye virusi vya mafua waliolishwa walipona zaidi. Panya si watu, na usitoe sheria ya nyumbani kutokana na hilo, lakini inaonyesha kwamba mwili hauzimi hamu ya kula bila sababu.

Cha lazima ni vinywaji. Mgonjwa anayetapika au kuharisha apewe maji ya ORS kidogo kidogo. Sukari iliyomo si ya utamu tu: kwenye utumbo glukosi na chumvi huingia kupitia mlango mmoja, na maji huzifuata.

Hali hubadilika kwa mtoto mdogo, mzee, mjamzito, mwenye kisukari (swali la 8), mwenye ugonjwa wa ini (swali la 14), na yeyote aliyekuwa amedhoofu kabla ya kuugua. Hao wasiachwe "mpaka hamu irudi". Wape kijiko kwa kijiko, mara nyingi, vitu laini vyenye protini kama maziwa au yai. Nimeona sahani kubwa ikimkatisha mgonjwa tamaa kabla hajagusa kijiko, na kikombe kidogo kikimalizwa bila kuombwa.

6. Kwa nini chakula kina ladha mbaya nikiumwa?

Pua iliyoziba, mdomo mkavu na baadhi ya dawa hubadilisha ladha, na saitokini zenyewe zinachangia. Usafi wa kinywa na chakula kisicho cha moto sana husaidia kuliko viungo vingi.

## Sukari ya damu

7. Sina kisukari, lakini hospitalini waliniambia sukari iko juu. Nimeshakuwa mgonjwa wa kisukari?

Huenda hujawa. Ini linamwaga sukari kwa amri ya homoni zilizotajwa kwenye swali la 2, na wakati huohuo misuli inaacha kuisikia insulini vizuri. Sukari inabaki kwenye damu kwa ajili ya ubongo na chembe za kinga. Dawa za steroidi, ambazo hutolewa kwa pumu kali na magonjwa mengine mengi, huipandisha zaidi.

Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, husaidia kujua kama tatizo lilikuwapo tangu zamani. Usiondoke na jibu la nusu. Rudi upimwe ukishapona, kwa sababu baadhi ya watu hugundua kwa njia hii kwamba kweli walikuwa na kisukari bila kujua.

Wengine huuliza mbona madaktari hawakuishusha hadi kawaida kabisa. Ilijaribiwa. Mwaka 2001 utafiti wa Leuven, Ubelgiji, uliwapa moyo wengi kuishusha sana kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 2009 utafiti mkubwa zaidi, NICE-SUGAR, ulikuta kwamba kuibana hivyo kuliongeza vifo. Sasa lengo la kawaida kwa mahututi ni kuizuia isizidi 10 mmol/L, bila kuisukuma chini kupita kiasi.

8. Nina kisukari, ninaumwa na sili. Niache insulini?

Usiache. Hili ni kosa linaloua. Watu hufikiri: sijala, sukari itatoka wapi? Inatoka kwenye ini lako, na ugonjwa unalihimiza. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini ya msingi, mafuta yanavunjwa bila kizuizi, ketoni zinarundikana, na damu inageuka tindikali ndani ya saa chache. Ishara ni kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kina na haraka, na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Ukiona hayo, nenda hospitali wakati huohuo.

Pima sukari mara nyingi zaidi ya kawaida, kila saa chache, na pima ketoni kama una vifaa. Dozi inaweza kuhitaji kuongezwa au kupunguzwa, mpigie anayekutibu.

Vidonge ni habari nyingine. Metformini kwa kawaida husimamishwa kwa muda kama unatapika, unaharisha au umekaukiwa maji. Dapagliflozini na empagliflozini nazo husimamishwa, na hizi zina hatari ya ziada: zinaweza kuleta tindikali ya ketoni hata sukari ikiwa haijapanda sana. Omba mpango wa siku za ugonjwa mapema kliniki, ukiwa mzima, uandikwe kwenye karatasi.

9. Kwa nini mtoto mgonjwa hushuka sukari badala ya kupanda?

Ubongo wa mtoto ni mkubwa ukilinganisha na mwili wake, na ini lake ni dogo. Akiba inaisha upesi. Kwenye malaria ya falsiparamu mambo huwa mabaya zaidi: chembe nyekundu zilizoingiwa na vimelea hula glukosi mara nyingi zaidi ya chembe nzima, ini linashindwa kutengeneza nyingine, na kwinini ikitumika huchochea kongosho kutoa insulini.

Mtoto aliyelegea, asiyenyonya, anayepata degedege au asiyeamka vizuri ni wa kukimbizwa hospitali. Kama hajitambui usimmiminie kinywaji mdomoni. Kinaweza kuingia kwenye mapafu.

## Misuli, uzito na damu

10. Kulala kitandani tu kunaweza kumaliza misuli?

Kunaweza, tena kwa kasi. Wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu, na hawakuwa wagonjwa. Ongeza homa na njaa juu yake, utaelewa kwa nini mzee aliyeingia wodini akitembea hutoka akishikiliwa.

Msuli usiotumika haupokei vizuri protini unayokula. Kwa hiyo daktari akiruhusu, akae kwenye kiti wakati wa kula, asimame kando ya kitanda, atembee hadi mlangoni. Kwangu mimi hatua hizo ni sehemu ya mlo.

11. Protini kiasi gani inatosha?

Mtu mzima wa afya huhitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee anayeumwa hushauriwa 1.2 hadi 1.5. Mtu wa kilo 60, basi, gramu 72 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo uji mwepesi na chai havitafika hapo hata vikinywewa mara tano. Igawe kwenye milo yote badala ya kuirundika usiku. Wenye matatizo ya figo wasome swali la 15 kwanza.

Kulishwa vizuri hospitalini kunaokoa maisha. Utafiti uliofanyika Uswisi na kuchapishwa mwaka 2019 ulihusisha wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa hatarini kwa utapiamlo. Waliopangiwa lishe kila mmoja kwa hitaji lake walikufa wachache ndani ya siku 30 kuliko waliokula chakula cha kawaida cha hospitali.

12. Uzito wake haujapungua. Mbona anaonekana amekwisha?

Maji yanaficha. Dripu na uvimbe huongeza kilo wakati misuli inapungua, na mizani haijui tofauti. Mtazame mabega, paja na nguvu ya mkono anapokushika. Albumini, protini inayotengenezwa na ini, ikiwa chini kwenye damu nayo isikudanganye: ini huipunguza makusudi ili litengeneze protini za vita kama CRP, kwa hiyo inaeleza ukali wa ugonjwa zaidi ya ulaji.

Damu nayo hufichwa kwa namna yake. Katika maambukizi ini hutoa hepsidini, homoni inayofunga madini ya chuma ndani ya ghala ili bakteria wasiyapate. Ugonjwa ukidumu, mtu anapungukiwa damu ilhali chuma kipo. Usianze vidonge vya chuma katikati ya homa kali bila kuuliza.

## Magonjwa ya muda mrefu

13. Mgonjwa wa saratani au kifua kikuu anakula lakini bado anakonda. Kwa nini?

Hiyo huitwa kakeksia: misuli inayeyuka, mara nyingi pamoja na mafuta, na chakula peke yake hakiwezi kuirudisha. Chanzo ni vita vile vile vya swali la 2, vikiwa havina mwisho.

Namna ilivyogunduliwa inanigusa. Katika maabara ya Anthony Cerami, sungura walioambukizwa vimelea jamaa ya vile vya malale walikuwa wakikonda vibaya huku damu yao ikijaa mafuta. Watafiti walitafuta kinachowamaliza na kukiita kakektini. Mwaka 1985 Bruce Beutler na wenzake walionyesha kwamba ni kitu kimoja na TNF, saitokini iliyokuwa ikijulikana kwa kuua seli za uvimbe wa saratani. Silaha ya mwili ndiyo iliyokuwa ikiula mwili.

Kwenye kifua kikuu dawa zikifanya kazi uzito hurudi, na kurudi kwake ni dalili njema. Kwenye saratani iliyoenea, nawaomba ndugu wasigeuze kila mlo kuwa ugomvi. Mgonjwa apewe anachopenda, akiwa na nguvu ya kukila, na aachwe aseme inatosha inapotosha.

14. Ugonjwa wa ini una tofauti gani?

Ini lenye makovu haliwezi kuweka glaikojeni ya kutosha. Usiku mmoja bila kula humfanyia mgonjwa huyo kile ambacho siku mbili tatu za njaa humfanyia mtu mzima wa afya: anaanza kula misuli yake kabla hakujakucha. Kitafunwa kabla ya kulala, chenye wanga na protini, ni tiba halisi kwake. Ushauri wa zamani wa kumnyima protini umeachwa. Sasa hushauriwa gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo.

15. Na figo?

Figo zikishindwa, tindikali hubaki kwenye damu na kuchochea misuli kuvunjika. Kabla ya kuanza kusafishwa damu, mara nyingi protini hupunguzwa kwa mpango. Akianza kusafishwa, huongezwa, kwa sababu amino asidi hupotea kwenye mashine. Wengi hubaki na karatasi ya zamani ya masharti na kujinyima bila sababu. Pia figo husaidia kuondoa insulini, kwa hiyo mwenye kisukari zikidhoofika anaweza kushuka sukari kwa dozi ileile aliyoizoea.

## Wagonjwa mahututi na hali za pekee

16. Yuko ICU, mbona hawampi chakula kingi tangu siku ya kwanza?

Kwa sababu siku za mwanzo mwili wake tayari unamwaga nguvu kutoka ndani, na hauzimi bomba hilo kwa kuona chakula kimefika. Ukijaza cha nje juu ya cha ndani, unazidisha sukari na mafuta kwenye damu. Utafiti wa Ubelgiji wa mwaka 2011 ulikuta kwamba kuwahi kujaziliza kwa lishe ya mshipani kulichelewesha kupona. Kwa kawaida huanza mapema kwa mpira wa kulishia unaopita puani, kidogo, kisha huongezwa siku hadi siku.

17. Hajala kwa siku nyingi, sasa hamu imerudi. Ale apendavyo?

Hapana, na hapa upendo unaweza kudhuru. Mtu aliyekaa zaidi ya siku 5 karibu bila kula, akipewa wanga mwingi ghafla, insulini hupanda na kuvuta fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu ikikaukiwa na madini hayo moyo unaweza kupoteza mapigo yake na kupumua kukawa kugumu. Baadhi ya walioachiwa kutoka kambi za wafungwa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia walikufa hivyo, mbele ya chakula walichokisubiri. Hospitali hutanguliza tiamini (vitamini B1), hupima madini, na kuongeza chakula polepole kwa siku kadhaa. Miguu kuvimba, kuhema au kuchanganyikiwa katika siku hizo ni dharura.

18. Nilipimwa tezi ya thairoidi na lehemu (kolesteroli) nikiwa nimelazwa, majibu yakatoka ya ajabu. Niamini?

Yarudie ukipona. Ugonjwa mkali hushusha homoni ya T3 hata kama tezi ni nzima, na lehemu nayo hushuka kwa muda. Kama umeongezewa damu au ulikuwa na malaria iliyovunja chembe nyekundu, HbA1c ya swali la 7 nayo inaweza kutoka ndogo kuliko ukweli. Tofauti ni pale dalili za tezi zilikuwapo kabla ya ugonjwa: moyo kwenda mbio, jasho na kukonda huku unakula sana. Mwambie daktari.

19. Nimepona na kilo zimerudi, mbona nimekuwa mnene na bado sina nguvu?

Kwa sababu mafuta hurudi kabla ya misuli. Katika jaribio la Minnesota, Marekani, la mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 wa afya walipunguziwa chakula kwa wiki 24 na kupoteza karibu robo ya uzito. Walipolishwa tena, mafuta yao yalipita kiwango cha mwanzo huku misuli ikiwa bado nyuma. Hao hawakuwa hata wagonjwa. Usijibu tumbo hilo kwa kujinyima. Endelea na protini ya swali la 11, na ipe misuli kazi: kuinuka kwenye kiti bila kujishikilia kwa mikono, mara chache asubuhi na jioni, ukiongeza kadiri unavyoweza. Baada ya kulazwa ICU hesabu miezi, si wiki, na ukiweza kuinuka mara sita pale ulipoishia nne wiki iliyopita, msuli umeanza kurudi.